Vumbi la Dhahabu kwenye Beseni la Baba

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi, na kabla sijafungua mlango nikainusa. Mafuta ya giaboksi yana harufu ya peke yake. Si ya petroli, si ya dizeli. Ni kama njiti nyingi za kiberiti zilizowashwa na kuzimwa pamoja ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kijana wa gereji alikuwa amelala chini ya gari, spana mkononi, akipapasa skrubu ya chini ili amwage mafuta ya zamani.

"Fungua ya juu kwanza," nilimwambia.

Akachungulia. "Mama, kumbe unayajua haya mambo?"

"Najua hilo tu."

Nilimdanganya kidogo, kwa sababu najua zaidi ya hilo. Aliponiletea kiti sikuweza kukikalia. Nilizunguka ile gereji kama mtu aliyesahau jiko linawaka nyumbani, mpaka kazi ikaisha.

Kama hujawahi kuona kazi hii, si ngumu kuielewa. Giaboksi ni sanduku la chuma lililojaa gia, na mafundi wa kwetu Kigali, waliojifunza ufundi kwa Kifaransa, waliiita bwati. Ina matundu mawili. Moja liko chini, la kumwagia mafuta ya zamani. Jingine liko ubavuni, juu kidogo, la kutilia mapya. Ukifungua la chini kwanza, mafuta yakaisha yote, kisha ukagundua kwamba skrubu ya juu imeganda kwa kutu na haifunguki, unabaki na gari lisiloweza kwenda popote. Baba alikuwa akisema anayeanza na ya chini hajajiuliza atarudije.

Baba alikuwa fundi wa mtaa wa Nyakabanda. Watu walimwita Fundi Saidi, na gari lililomfanya ajulikane mtaani ni gari dogo jeupe la mashindano, mali ya kijana mmoja aliyeitwa Fideli. Fideli alikuwa mrefu, hivyo akiingia kwenye gari lile alijikunja kama nguo inayotiwa sandukuni. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kilichochanganyika na Kinyarwanda. Mimi aliniita mwalimu, kwa sababu nilikuwa namsahihisha.

"Gari iko inakunywa mafuta mingi," angesema.

"Mengi," ningemjibu.

"Yewe! Mwalimu ametoka shule gani huyu?"

Tabia ile ya kusahihisha niliirithi kwa Baba. Yeye alisahihisha kila kitu: namna Mama alivyokunja mkeka, namna muadhini alivyovuta pumzi, namna watoto wa jirani walivyotia hewa kwenye mpira. Hakuwa mkali. Hakuweza tu kuona kitu kimekaa upande akakiacha.

Na mtu kama huyo Mungu alimpa kiwanja kwenye mlima. Kila anayeijua Kigali anajua kwamba hata mahali tambarare pa kuweka kikombe hapapatikani kirahisi. Ukitia mafuta kwenye bwati gari likiwa limeinama, tundu la ubavuni linakudanganya: pua ikiinama chini mafuta yanakimbilia mbele, ikiinuka yanarudi nyuma, nawe hujui umeweka kiasi gani. Kwa hiyo Baba alichimba mlima kwa jembe, akamwaga sakafu ya saruji inayotosha gari moja, na kila mara kabla ya kazi aliweka juu yake sahani ya supu iliyojaa maji hadi ukingoni. Maji yakimwagika upande mmoja alipiga magoti na kutafuta kijiwe kilichoinua sahani. Sidhani kama kulikuwa na mahali pengine Nyakabanda palipokuwa sawa kama pale. Sisi watoto tulikuwa tukienda kulala chali kwenye saruji ile ili tu kujua usawa unavyohisika mgongoni.

Miaka niliyokuwa darasa la pili na la tatu hakuna kilichotulia ila sakafu hiyo. Kaskazini kulikuwa na vita. Njia ya kwenda Uganda ilikuwa imefungwa, barabarani kulikuwa na vizuizi vya kuonyesha vitambulisho, na watu wazima walikuwa wamejifunza kusema robo ya sentensi na kumalizia kwa macho. Redio yetu ndogo haikuzimwa. Baba aliibeba kwapani mpaka chini ya magari. Aliyekuwa haachi kitu kikae upande, sasa alikuwa akiacha spana zimetapakaa na kwenda kusimama getini bila sababu.

Mama alikuwa na cherehani mlangoni. Naye alikuwa na wimbo wake mmoja, ambao hakuuimba bali aliusema, akishona.

"Mama yangu alitoka Ujiji na nyumba yake mwilini. Heleni mbili za dhahabu, kazishona kwenye pindo la kanga. Kafika hapa, kaanza maisha. Mimi nikiambiwa ondoka leo, nitabeba nini? Spana?"

"Spana zinalisha watu," Baba angejibu.

"Ndiyo, na zina uzito wa mtu."

Kisa chake ni kwamba heleni zile za Bibi ndizo zilizokuwa spana za Baba. Mama alizitoa masikioni mwake walipooana, zikauzwa. Hakuwahi kujuta mbele yetu, lakini miezi ile nilimwona mara nyingi akishika ndewe za masikio huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Hakuwa akilala vizuri. Nami kwa akili yangu ya miaka minane nilielewa hivi: aliye na dhahabu anaweza kuondoka, asiye nayo anabaki, na Mama hana.

Kisha silaha zikanyamaza kidogo, zikaanza habari za mashindano. Fideli hakuwa ameshindana tangu vita vianze. Alikuja mbio, mlango wa gari kaufungua kabla halijasimama.

"Fundi! Wamekubali! Jumapili ya tatu ijayo! Barabara ya vumbi, kuteremka mpaka kwenye daraja!"

"Shuka kwanza usalimie," Baba alisema, lakini alikuwa akicheka.

Basi kazi ikaanza. Kila Fideli aliporudi kutoka kulijaribu gari, Baba alimwaga mafuta ya bwati yakiwa bado ya moto, maana mafuta ya moto hutoka na uchafu wake wote, yakipoa yanauacha ndani. Aliyamwagia kwenye beseni jeupe la enameli, lile la kuoshea mchele zamani. Yalitulia kuanzia Adhuhuri hadi Alasiri, na jua likianza kulala upande, Baba aliinama juu ya beseni akalisoma. Hilo ndilo neno lake, kusoma. Kisha aliyachuja ya juu kwa kitambaa safi na kuyarudisha.

"Si sahihi kurudisha," alisema kila mara, kana kwamba bwati inamsikia. "Lakini mapya yako wapi?"

Hayakuwepo. Hata hayo aliyokuwa nayo alikuwa ameyapata mwezi uliopita kwa mtu wa Nyabugogo, kwenye debe lililobanduka karatasi. Alipolifungua, harufu ya kiberiti ilimfanya arudi nyuma hatua. Alisimama na debe lile muda mrefu. "Makali haya," alisema. Halafu redio ikasema jambo, akasikiliza, akayamimina.

Kazi yangu ilikuwa kulinda beseni Baba anapokwenda kuswali, kuku asije akaanguka ndani. Na hapo ndipo nilipoiona. Siku ya kwanza ilikuwa kama mchirizi tu, chini kabisa, ukijikunja ndani ya weusi. Niliinamisha kichwa, ukatoweka. Nikakirudisha, ukawaka. Vumbi laini kuliko unga, la rangi ileile niliyoiona kwenye meno ya mbele ya muuza vitambaa wa sokoni.

Nilitazama getini, nikachukua unyoya wa kuku, nikalivuta lile vumbi taratibu hadi ukingoni na kulikokota ndani ya kikopo kitupu cha dawa ya kuchua. Sikuona kwamba ninaiba. Niliona kwamba gari la Fideli linachimba dhahabu huko barabarani na kutuletea, na kwamba watu wazima hawajui kwa sababu wanatazama beseni wakiwa na redio sikioni.

Baba alirudi, akainama, redio ikiwa sikioni kweli. "Alhamdulillah," alisema. "Safi."

Nilifurahi mara mbili: Baba karidhika, na Mama kapata dhahabu ya kwanza ya kushona pindoni. Kikopo nilikificha ndani ya gunia la mchele. Mara ya pili vumbi lilikuwa jingi zaidi. Mara ya tatu, Ijumaa ya kabla ya mashindano, lilikuwa jingi hata unyoya mmoja haukutosha. Nililifuta mpaka mchirizi wa mwisho, kwa uangalifu wote alionifunza Baba mwenyewe.

Jumamosi Fideli alikuja kuchukua gari. Ilibidi lifike kwenye ukaguzi kabla ya saa kumi, na yeye awe ameshatoka barabarani kabla ya giza, kwa sababu ya vizuizi. Lilikuwa juu ya sakafu ya saruji, limeoshwa, na namba mlangoni. Baba alikuwa akimalizia. Alitia mafuta kwa mpira na faneli mpaka yakaanza kutoka kwenye tundu la ubavuni kama uzi. Hakufunga. Alisubiri uzi ukatike uwe matone, ndipo akafunga.

"Ongeza kidogo, Fundi," Fideli alisema. "Kesho iko kazi kubwa."

"Nikiongeza, gia zitayapiga yawe povu kama mayai. Povu halilainishi kitu. Na nikipunguza, gia za juu zitakaa na kiu. Inataka kiasi chake, si mapenzi yako."

Fideli alicheka, kisha akaacha kucheka. "Fundi, ile gia ya pili inakataa kidogo. Nikishuka mlima, naitafuta, inalia krrr, ndiyo inaingia."

Baba alijipangusa mikono. "Mguu wako huo. Una haraka."

"Si mguu, sha. Naijua mguu yangu."

"Sikiliza. Ndani ya bwati kuna pete za shaba. Kazi yake ni kuzifanya gia mbili ziende mwendo mmoja kabla hazijashikana. Zikianza kuliwa, gia inalia kama unavyosema. Lakini zikiliwa, ile shaba inakwenda wapi? Inakuja kwenye beseni. Ungeona vumbi linang'aa, ungedhani dhahabu. Nimesoma beseni mara tatu. Hakuna hata chembe."

"Na kesho nikiitafuta pale juu ya daraja, nikikosa?"

"Una breki."

"Na breki zikichoka?"

"Ndiyo maana nakwambia bwati ni nzima," Baba alisema, akampiga begani. "Neno langu."

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa saruji, miguu ikining'inia. Nilikimbia ndani. Mama alikuwa akishona sare ya shule, midomo imebana pini, naye jirani alikuwa akimnong'oneza kuhusu watu wa mtaa wa chini waliofunga nyumba na kuondoka alfajiri bila kuaga. Mama alikuwa na mkono sikioni.

Nilizama na mkono mzima ndani ya mchele. Nilishika kikopo. Na hapo, wasomaji wangu, sitajifanya mtoto mwema: nilikaa. Nilifikiri labda Baba yuko sahihi, labda ni mguu wa Fideli. Nilifikiri labda dhahabu hii ni dhahabu kweli na shaba ni kitu kingine. Nilifikiri nikisema, neno la Baba litakuwa uongo mbele ya mteja, na Mama atabaki hana cha kubeba, yote kwa mara moja. Mchele ulikuwa ukinichoma kwenye kwapa. Kisha injini ikawaka.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tu nimesimama mbele ya gari, na Fideli ametoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, toka hapo. Wakati iko imekwisha."

"Umekwisha," nilisema, nikaanza kulia.

"Haya, umekwisha, toka!"

Baba alikuja kunivuta mkono. Ndipo nikamwekea kikopo kiganjani. Akakifungua. Alitia kidole, akasugua kwa gumba, akakigeuza kidole kwenye jua. Kikang'aa.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye beseni. Mara zote tatu. Ni ya Mama, ya kushona kwenye kanga."

Nilingoja kofi. Baba hakuwa mpigaji, lakini nilidhani siku yake imefika. Badala yake alinusa kile kidole. Akaenda hadi kwenye debe lililobanduka karatasi, akalifungua, akanusa, akarudi kukinusa kidole. Akasimama kama alivyosimama siku ile ya kuyamimina.

"Zima," alimwambia Fideli.

"Fundi, ukaguzi..."

"Zima gari."

Ukimya ulioingia ulinifanya nisikie cherehani ya Mama ikisimama.

Baba aliketi juu ya saruji, kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele ya mteja. Alimweleza Fideli polepole, kama alivyokuwa akinieleza mimi. Kwamba kuna mafuta makali yanayofaa ekseli ya nyuma, ambako ni chuma kwa chuma. Na kwamba ukali huohuo, ukiutia kwenye bwati yenye pete za shaba, unazila pete zenyewe. "Pua yangu iliniambia siku ya kwanza," alisema. "Sikuisikiliza. Nilikuwa nasikiliza redio."

"Mtoto ndiye alificha."

"Mtoto alificha mara tatu. Mimi nilimimina. Kosa ni langu."

"Na kesho mimi nafanya nini, Fundi? Nimengoja miaka!"

"Kesho utawatazama wenzako."

Fideli alilipiga gari teke, akaligusa palepale alipolipiga kana kwamba anaomba radhi, akaondoka kwa miguu akiteremka mlima. Hakuja kwa wiki mbili. Alipokuja, Baba alikuwa ameifungua bwati na kuzipanga zile pete juu ya gunia. Pete ya gia ya pili ilikuwa imebaki kama ganda la kitunguu. Fideli aliishika, akaitazama upande na upande.

"Ingefika darajani?" aliuliza.

"Labda ingefika," Baba alisema. "Sijui."

Fideli aliivaa kidoleni, ikapwaya, akaniambia, "Mwalimu, tuoane basi, pete iko tayari." Mama alicheka ndani ya nyumba. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu.

Tangu siku ile Baba hakulisoma beseni peke yake. Aliizima redio, akaniita, akasema, "Soma," na mimi nilisema ninachokiona kabla yake: nyeusi, chuma kidogo kwenye sumaku ya skrubu ya chini, hakuna shaba. Alinisahihisha kila neno. Kikopo sikukiona tena. Nilidhani kakitupa, nami sikuthubutu kuuliza.

Yaliyoupata mji ule baadaye, kila mtu wa rika langu anayajua, na sina maneno yangu ya kuongeza. Tulitoka kwa miguu, mimi na Mama, kanga moja mgongoni na moja kichwani. Baba alitufikia Kigoma baada ya miezi mingi, mkoba wa spana begani. Ni kweli zilikuwa na uzito wa mtu, na ni kweli zilitulisha. Fideli tulimuulizia miaka yote kwa kila aliyetoka upande ule. Hakuna aliyemwona.

Mama alifariki mwaka jana. Tulipokuwa tukigawa nguo zake, kanga moja ya zamani, iliyofifia hata maandishi hayasomeki, ilikuwa nzito pembeni. Pindo lilikuwa limeshonwa mara mbili, kwa mshono wake mdogo mdogo. Nilifumua. Ndani mlikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa kama hirizi, na kabla sijakikunjua nikainusa ile harufu ya kiberiti.

Nilimpelekea Baba, aliyekuwa amekaa barazani. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri, lakini pua ni ileile. Alinusa. "Mafuta ya ekseli," alisema. Kisha akauliza, "Alitoka nayo hii? Njia yote ile?"

"Njia yote."

Aliomba sahani nyeupe. Nilimletea. Akalikung'utia humo lile vumbi la kwenye nailoni, akaisogeza sahani mpaka jua la Alasiri likaipiga kwa ubavu, akaniegemea.

"Soma," aliniambia.

Niliinamisha kichwa, likatoweka. Nikakirudisha, likawaka.

"Dhahabu, Baba."

Hakunisahihisha.